Weusi wa Juani: Kisa cha Chupa Sita Kwenye Paa la Dodoma

Binti mmoja, mwanafunzi wa tasnifu, alifika mlangoni kwangu, mimi mtunza maabara ya chuo, mwishoni mwa Septemba, saa tisa alasiri, vumbi limemkaa kwenye nyusi, mkononi ameshika kipande cha kioo kilichopakwa kitu cheusi kama masizi ya sufuria.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

"Jua limekubali. Siku mbili tu! Daktari anayenisimamia ameshaona picha, amesema tuanze kuandika."

Nikavuta mita ya umeme kutoka kwenye droo, nikaweka ncha mbili juu ya ule weusi. Mita ikaandika OL, yaani ukinzani umezidi uwezo wake wa kupima. Nikazisogeza ncha mpaka pengo likabaki la punje ya mchele. OL. Nikazigusanisha zenyewe kwa zenyewe, mita ikalia tii. Kwa hiyo mita ilikuwa nzima. Kilichokuwa juu ya kioo kilikuwa cheusi kweli, ila umeme haukipiti, na kitu alichodai kukitengeneza, kaboni ya jamii ya grafini, sifa yake ya kwanza ni kupitisha umeme.

Kicheko kikakatika. Kisa kikaanzia hapo. Nakisimulia kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la chuo, kwa sababu makosa yaliyomo si yake peke yake. Moja ni langu, na lilitugharimu wiki nzima.

Alichokuwa anakitafuta

Madini ya kinywe tunayo Tanzania. Yapo Mahenge, yapo Ruangwa, na kule Mirerani hukutwa mwamba mmoja na tanzanaiti. Kinywe ni kaboni tupu iliyolala matabaka, kama chapati ya kusukuma inavyochambuka. Ukilitenga tabaka moja peke yake unapata grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitenga kwa kubandua kinywe na selotepu, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Selotepu haijazi debe. Anayetaka gramu kadhaa hupita njia ya mzunguko: anakichoma kinywe kwa vioksidishaji vikali mpaka oksijeni iingie kati ya matabaka na kuyatanua. Nafasi kati ya tabaka na tabaka, ambayo kwenye kinywe ni nanomita 0.335 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), inafika kama 0.8, na matabaka yanaachiana majini. Hiyo ndiyo oksaidi ya grafini, ambayo maabara zote huiita GO. Benjamin Brodie wa Uingereza alishaitengeneza mwaka 1859, naye hakuwa na habari ya grafini. Alikuwa anatafuta uzito wa atomu ya kinywe. Njia inayotumika zaidi leo ni ya Hummers na Offeman ya mwaka 1958: asidi ya salfuriki, potasiamu pamanganeti, na haidrojeni peroksaidi ya kumalizia.

Hatua hiyo binti aliifanya vizuri, na namsifu. Pamanganeti ikiingia kwenye asidi ile hutoa oksaidi ya manganizi ambayo ikipita nyuzi 55 hivi inaweza kulipuka. Kwa hiyo unaiweka kidogo kidogo, bika, chombo cha kioo cha kuchanganyia, likiwa limekaa kwenye barafu. Mashine yetu ya barafu ilikuwa mbovu, akanunua barafu za mifuko kwa mama mwenye friji nje ya geti, mfuko baada ya mfuko, na kipimajoto hakikuvuka 20 wakati wa kuweka pamanganeti. Umeme ulikatika mara moja. Akakoroga kwa mkono, kwa fimbo ya kioo, mpaka uliporudi.

GO ni ya kahawia, inachanganyika na maji vizuri, lakini haipitishi umeme, kwa kuwa oksijeni zile zimekatakata njia ambayo elektroni zingepita. Ndiyo maana huondolewa tena, na kinachobaki ni GO iliyopunguzwa oksijeni, kwa kifupi rGO: nyeusi, haitaki maji, inapitisha umeme. Haifikii grafini halisi, kwani inabaki na makovu, lakini kwa elektrodi ya kutunzia chaji, ambayo ndiyo aliyokuwa anaitaka, inatosha.

Dawa ya zamani ya kuondoa oksijeni ni haidrazini. Ni sumu, nami siipendi ndani ya maabara ambayo feni yake ya kuvuta hewa imechoka. Kwa hiyo aliposema atatumia mwanga niliunga mkono kwa moyo wote. Hoja yake haikuwa ya kubuni: fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati ya kama elektroni-volti 3.2 kwenda juu, yaani mwanga wa wimbi fupi kuliko nanomita 390, inaweza kuvunja vifungo kati ya kaboni na oksijeni kwenye GO bila msaada wa joto kali. Huo ni urujuanimno. Dodoma ipo mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Septemba na Oktoba hatuna mawingu ya maana, na karibu tarehe 8 au 9 Oktoba jua la mchana hutusimamia utosini kabisa, saa sita na dakika kama 24. Ukitaka mwanga wa bure, utaenda wapi tena?

Kilichokuwa kwenye daftari

Nilimwomba daftari. Siamini picha za simu.

Alikuwa na chupa mbili za juisi, za kioo, kila moja ina GO miligramu 2 kwa kila mililita. Ya kwanza GO na maji tu. Ya pili kaweka na maji ya ubuyu yaliyochujwa. Zote mbili juu ya paa la zege, siku nne. Ya ubuyu ilikuwa nyeusi tii kufikia jioni ya siku ya pili, na vitu vimetuama chini. Ile ya maji matupu ilibaki kahawia iliyokolea, mabonge machache chini. Kwenye ukurasa uliofuata kulikuwa na mchoro wa spektrofotomita (mashine inayoonyesha kitu kinafyonza mwanga wa wimbi gani) wa chupa ya ubuyu: kilele cha nanomita 230 kimepotea, kipya kimetokea 265. Pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "rGO IMETHIBITIKA".

Ubuyu uliingia vipi? Alisoma kwamba vitamini C huondoa oksijeni kwenye GO, na hilo ni kweli, ni njia inayojulikana na isiyo na sumu. Kisha akakumbuka kwao Singida, na Sokoni Majengo ambako ubuyu unauzwa kwa kisado. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi. Akaona atasaidia jua. Tatizo lenyewe ni hilo neno "kusaidia". Ukimpa jua msaidizi, halafu kazi ikaisha, nani alipwe?

Naona ajabu kwamba mimi, mwenye miaka zaidi ya ishirini ya kuosha bika, sikuliona hilo siku ile. Nililiona siku ya nane.

Kosa langu

Mimi nililaumu chupa. Nilikuwa nimekariri tangu zamani kwamba kioo cha kawaida huzuia urujuanimno, nikamwambia kwa sauti ya mtu mzima: "Mwanangu, mwanga wako unaishia kwenye kioo." Nikamtafutia mirija ya kwatzi, inayopitisha urujuanimno, ambayo tunayo miwili tu, tunaitunza kama mboni ya jicho, na tukarudia kazi yote.

Ilibadilika kidogo sana. Na ingepaswa nijue. Kioo cha chupa ya juisi hukata miale iliyo chini ya nanomita 320 hivi, lakini inayofuata, mpaka 400, mingi inapita. Jua lenyewe linapofika ardhini halina kitu cha maana chini ya 295. Kwa hiyo kioo kilikuwa kinatunyima kipande kidogo cha urujuanimno ambao wote kwa ujumla haufiki asilimia 5 ya nguvu ya jua. Kwatzi ina faida kubwa ukitumia taa ya maabara ya nanomita 254. Juani faida yake ni ndogo. Nilichanganya kanuni ya taa na kanuni ya jua, wiki ikaenda.

Chupa sita

Siku ya nane nilikuwa nakunywa chai kantini, mbele yangu mama anafunika wali kwa karatasi ya foili usipoe. Nikaacha chai.

Tukapanga chupa sita zinazofanana. GO na maji: moja juani, moja juani lakini imefungwa foili, moja kwenye droo ya giza. GO na ubuyu: vivyo hivyo. Binti akaniuliza, "Mzee, ya foili si itapoa? Foili inarudisha jua." Alikuwa sahihi, na swali lake lilikuwa bora kuliko mpango wangu. Chupa ya foili ikiwa ya baridi kuliko wenzake, tutakuwa tumezima mwanga na joto kwa pamoja, na hatutajua kipi kimefanya kazi. Basi tukapaka foili masizi kwa nje, tukatumbukiza kipimajoto kwenye kila chupa. Mchana wa siku ya kwanza zote za juani zilikuwa zimepita kidogo nyuzi 50, za masizi zikiwatangulia wenzao kwa nyuzi moja au mbili. Hapo tukaridhika.

Jioni ya siku ya pili ubuyu wa juani ulikuwa mweusi. Ubuyu wa kwenye foili nao ulikuwa mweusi, na ukiziweka bega kwa bega hungetambua ipi imeonja jua. Siku mbili baadaye hata ya kwenye droo ilikuwa imefuata, taratibu, bila haraka. Vitamini C hufanya kazi hiyo hata kwenye joto la chumba. Joto la paa liliiharakisha tu. Mwanga, kwa weusi ule aliokuja nao mlangoni, haukuwa na mchango wowote tuliouona.

Binti alikaa kimya muda. Kisha: "Na kile kilele cha 265?"

Hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote, kwa kuwa ni mtego mzuri. GO ambayo haijapunguzwa ina kilele karibu na 230 na bega dogo kwenye 300. Ikipunguzwa, kilele husogea mpaka 260 au 270. Sasa, vitamini C yenyewe, bila GO yoyote, hufyonza mwanga kati ya 245 na 265 kutegemea uchachu wa maji, na ubuyu una vitu vingine vinavyofyonza maeneo hayo hayo. Nikamwekea mashineni maji ya ubuyu matupu. Kilele kikaja 265 kasoro, kimesimama kama minara. Alikuwa amepima ubuyu.

Na kwa nini haukupitisha umeme, kama vitamini C iliifanya kazi yake? Tulichukua chupa ya vitamini C safi ya kwenye kabati la kemikali, tukarudia ndani ya foili, tukaosha, tukakausha juu ya kioo. Mita ikasoma ukinzani wa omu elfu kadhaa. Kwa hiyo rGO ilikuwepo hata kwenye chupa ya ubuyu. Ila ubuyu una pektini, ute ule ule unaofanya juisi yake iwe nzito, na ulikuwa umevivisha vipande vya rGO koti moja moja. Elektroni haziruki ute.

Duara jeusi

Hapa watu wengi wangefunga jalada: jua halifanyi kazi, tutumie vitamini C, twende nyumbani. Daktari wake alielekea huko. Mimi nilikataa kwa sababu ya ile chupa ya maji matupu iliyokaa juani, ambayo hakuna aliyekuwa anaitazama kwa vile haikuwa nyeusi.

Niliinua chupa hiyo bila kuitikisa. Upande uliokuwa unatazama jua, palepale maji yanapogusa kioo, kulikuwa na utando mweusi. Mwembamba kama wino uliopakwa kwa brashi. Nyuma yake, kahawia tupu. Na ile pacha yake ya foili haikuwa na utando popote. Imekoza rangi kidogo kwa sababu ya joto, basi.

Kwa hiyo mwanga ulikuwa unafanya kazi, lakini ulikuwa hauingii ndani. GO hufyonza urujuanimno kwa pupa. Kwa miligramu 2 kwenye kila mililita, kwa hesabu ya haraka, karibu wote unaishia ndani ya milimita ya kwanza. Chupa yenye upana wa sentimita saba ni kama chumba kirefu chenye dirisha moja: waliokaa dirishani wanaungua jua, wengine wamelala gizani, na kwa kuwa hakuna anayekoroga, hawabadilishani nafasi. Utando ule mweusi ukishajitengeneza unakuwa pazia lenyewe.

Kuna jambo la pili lililokuwa limejificha, la maji. Nilimuuliza aliosha GO yake kwa maji gani baada ya asidi. Akasema wiki ile mtambo wa maji safi ulikuwa umezimwa, akatumia ya bomba kwa kuanzia, akamalizia na maji ya betri ya dukani. Mkazi yeyote wa Dodoma anaijua birika yake na ukoko mweupe wa ndani. Maji yetu ya visima yana chumvi za kalisiamu na magniziamu, na chaji zao chanya huvishika vipande vya GO pembeni na kuvifunga pamoja. GO inaganda, inatuama, rangi inaonekana imekolea. Kwa macho inafanana sana na rGO inavyoyakimbia maji. Mabonge aliyoyaona kwenye chupa ya maji matupu, akayaandika kama "dalili za awali", yalikuwa ya chumvi. Tulihakikisha hivi: tukayaosha kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji safi mara kadhaa. Yakaachiana, maji yakarudi kahawia. rGO ya kweli hairudi.

Sinia

Tulichofanya baadaye hakikuhitaji kifaa cha kuagiza. GO ikazimuliwa mara ishirini, mpaka rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Tukaimimina kwenye sinia za enameli, kina nusu sentimita, tukafunika kwa nailoni angavu nyembamba ili vumbi lisiingie. Vumbi la Dodoma la Oktoba ni kemikali ya saba kwenye jaribio lolote. Kila nusu saa anakoroga na kufidia maji yaliyokauka. Sinia ya pili ilikuwa na vivyo hivyo vyote chini ya kifuniko cheusi. Ya tatu tuliiongezea spiriti kidogo: mwanga unapoamsha elektroni hubaki nafasi chanya nyuma yake, na kama hakuna cha kuijaza elektroni hurudi ilikotoka. Spiriti huijaza. Pia tuliyachemsha maji yote kabla ili kufukuza hewa, kwa sababu oksijeni iliyoyeyuka hudaka elektroni njiani. Mtungi wa naitrojeni ungekuwa bora, lakini hatukuwa nao.

Baada ya siku nne za jua la utosini, sinia ya kawaida ilikuwa rangi ya kahawa. Kilele kilikuwa kimetoka 230 na kuvuka 250. Ya spiriti ilitangulia kidogo. Hakuna iliyofika 270. Ile ya kifuniko cheusi haikutoka 230 kwa namna ya kuzungumzia. Filamu iliyokaushwa kutoka kwenye sinia ya spiriti ilisoma omu mamilioni kadhaa. Kwa elektrodi ni mbovu. Kwa kisa hiki ilikuwa dhahabu, kwa sababu kwa mara ya kwanza namba ile ilikuwa ya mwanga, si ya ubuyu, si ya joto, si ya chumvi.

Alitaka kuziacha sinia wiki mbili zaidi. Nilimzuia, na bado tunabishana. Urujuanimno hauchagui: ukiendelea muda mrefu ndani ya maji hunyofoa na kaboni zenyewe, zinaondoka kama hewa ya kaboni dioksaidi, na vipande vinabaki na matundu. Na kama peroksaidi ya mwisho wa hatua ya Hummers haikuoshwa vizuri, pakawepo na chembe za chuma, vipande hukatika kabisa. Ungetaka matundu kwa kazi fulani, sawa. Yeye alitaka njia ya umeme.

Kuna njia maarufu ya kuongeza kasi, ya kutumia titaniamu dioksaidi. Graeme Williams, Brian Seger na Prashant Kamat waliionyesha mwaka 2008: unga ule ukiwa ndani ya spiriti pamoja na GO hupokea urujuanimno, unatoa elektroni, GO inazipokea na kugeuka nyeusi. Binti alikwenda kununua unga mweupe wa kutengenezea rangi za nyumba. Haukufanya kitu. Unga wa rangi huvishwa makusudi ngozi ya silika au alumina ili usile rangi ukutani, yaani kiwandani wamekwishaiua kazi ile ile aliyokuwa anaitaka.

Lenzi, na neno moja kwenye kichwa cha tasnifu

Katikati ya hayo, mwenzake mmoja alichukua filamu ya GO iliyokauka, akaishikia lenzi ya kukuzia juu ya paa. Ikalia paf, ikafura, ikawa nyeusi yenye kung'aa. Mita: omu mia kadhaa. Walikuja mbio ofisini wawili wakigombania mlango.

Nilianza na ukali. GO kavu ni ya kuheshimiwa. Ikipata joto la nyuzi 200 na kitu huachia oksijeni yake kwa mkupuo na kutoa joto zaidi, na kama imebaki na chumvi za potasiamu kutoka kwenye pamanganeti, moto unaweza kutembea filamu nzima. Kipande cha ukubwa wa stempu ni mchezo. Sahani nzima, sivyo.

Kisha nikawapongeza, kwa sababu walikuwa wamefika wenyewe mahali ambapo wakubwa walishafika. Mwaka 2009 Laura Cote na wenzake, Marekani, waliigeuza GO kwa mmweko wa flashi ya kamera. Mwaka 2012 Maher El-Kady na Richard Kaner, Los Angeles, waliichora kwa leza ya mashine ya kuandikia DVD na kutengeneza elektrodi za kutunzia chaji. Njia hizo zinafanya kazi kwa mwanga ambao sehemu yake kubwa si urujuanimno. Mwanga unamezwa, unakuwa joto, na joto ndilo linaloondoa oksijeni. Lenzi juu ya paa ni ndugu yao.

Ugomvi wa mwisho ukaanzia hapo, na ulikuwa wa maneno. Daktari alitaka kichwa cha tasnifu kibaki kama kilivyosajiliwa, "kwa kemia ya mwanga", na matokeo ya lenzi yawe ndiyo kifua mbele kwa kuwa ndiyo yenye namba nzuri. Binti alisita. Mimi si msimamizi wake, mimi nafungua kabati na kufunga kabati, lakini aliniuliza nikamjibu: sinia ni kemia ya mwanga, lenzi ni upishi wa jua. Ukiweka zote chini ya jina moja, msomaji wa Morogoro au Mwanza atakayerudia atanunua taa ya urujuanimno ya bei mbaya, wakati alichohitaji ni lenzi ya elfu kadhaa. Au kinyume chake.

Daktari hakupenda. Alisema jua ni mwanga, na mwanga ni mwanga. Nikamwambia, kwa heshima zote, hata jiko la mkaa linatoa mwanga.

Waliafikiana baada ya wiki tatu: kichwa kiseme "kwa jua", sinia ziwe na sura yake, lenzi na sura yake, ubuyu uhamie kwenye kiambatisho pamoja na ule mchoro wa 265, wino mwekundu ukiwa umebaki vile vile. Hilo la wino alilitaka yeye mwenyewe. Mvua zilianza Desemba kabla hajarudia jaribio la spiriti mara ya tatu, na jua likirudi kutusimamia utosini mwanzoni mwa Machi linakuta mawingu. Sinia zake tatu zipo juu ya kabati langu, zimefunikwa gazeti, zinangoja Juni.